Kumi Bora za Mwaka wa Obama, Kama Tulivyozipokea Makambako Kabla Hazijapoa Njombe



Orodha maarufu kuliko zote nchi hii ilisomwa viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, tarehe 15 Septemba 2007. Dk. Willibrod Slaa wa upinzani alipanda jukwaani na majina 11 ya aliowaita mafisadi, na tangu siku hiyo Mtanzania akisikia neno "orodha" anaangalia kwanza kama la kwake limo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, 15 Septemba 2008, benki ya Lehman Brothers ya New York ikatangaza kufilisika. Sisemi mambo hayo mawili yana undugu. Nasema tu kwamba 15 Septemba mtu akija kukuomba mkopo, jifanye umelala.

Orodha yangu haina mafisadi, ukiacha nambari 3 ambako walijileta wenyewe. Inahusu jinsi redio, magazeti na runinga zilivyotuletea uchaguzi wa rais katika mwaka ambao dunia iliishiwa hela. Rais wa nchi gani? Vumilia mpaka nambari 1.

Kwa vijana waliozaliwa juzi: mwaka 2008 hapakuwa na Mkoa wa Njombe, huo ulikuja 2012. Makambako na Njombe tulikuwa wilaya moja, Mkoa wa Iringa, na habari ilitufikia kwa njia tatu: redio, basi, na dereva wa lori. Gazeti lilipanda basi Dar alfajiri, likasafiri zaidi ya kilomita 600, likapanda mlima Kitonga likihema, likashushwa Makambako mchana. Njombe iko kilomita 60 mbele kwenye barabara ya Songea, kwa hiyo wenzetu walilipokea likiwa limepoa. Lakini Njombe kila kitu hupoa, hata chai ikiwa bado mdomoni, kwa hiyo hawakulalamika.

Tunahesabu kuanzia juu kushuka chini, kama hisa za mwaka ule.

10. Jina la ugonjwa

Watangazaji walihitaji Kiswahili cha janga lile. Tukapewa "mtikisiko wa uchumi", mara "msukosuko wa fedha". Makambako mtikisiko tunaujua: ni lori la Zambia likipita usiku mbele ya gesti. Kitanda kinatembea, ulilala miguu ikiangalia mlango, unaamka inaangalia dirisha. Kwa hiyo tuliposikia uchumi wa Marekani umetikisika, swali letu la kwanza lilikuwa: kwani nao wako barabarani?

9. Joe Fundi Bomba

Oktoba 2008 mwanamume mmoja wa Ohio alimsimamisha Barack Obama mtaani akamuuliza habari za kodi. Siku tatu baadaye, kwenye mdahalo wa mwisho kati ya Obama na John McCain, jina la "Joe Fundi Bomba" likatajwa zaidi ya mara ishirini. Benki zinaanguka, watu wanafukuzwa kwenye nyumba zao, na waandishi wa taifa kubwa kuliko yote wako mlangoni kwa fundi. Wakachimbua: jina lake la kwanza ni Samuel, leseni ya ufundi hana, na kodi yenyewe anadaiwa.

Nikauliza, sasa habari iko wapi hapo? Fundi bomba asiye na leseni hata Njombe wapo. Habari ni fundi bomba aliyekuja siku aliyosema atakuja.

8. Nguo za mama Palin

Mwezi huo huo ikafahamika kwamba chama cha Republican kimetumia dola 150,000 kumvalisha mgombea mwenza, Sarah Palin, na familia yake. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 170. Kelele zilipozidi, chama kikasema tangu mwanzo ilipangwa nguo zote zitolewe kwa hisani baada ya uchaguzi.

Hapo Makambako tukakaa vizuri kwenye benchi. Nguo za hisani za Marekani sisi tunajua zinakoishia: zinafungwa belo, zinapanda meli, zinashuka Dar, na Jumamosi moja ya baridi zinamwagwa kwenye turubai sokoni. Sisi ndio hisani yenyewe! Kwa miaka hii yote, kila belo la grade one likifunguliwa nasogea kuangalia kama kuna koti jekundu. Bado. Labda lilipitiliza likaenda Njombe, huko makoti hayarudi.

7. Wajumbe 270

Hapa niliwahurumia watangazaji wa idhaa za Kiswahili, BBC, Sauti ya Amerika na Ujerumani, wote. Kila jioni walianza upya: mwananchi wa Marekani anapiga kura, lakini hapigii rais moja kwa moja, kuna wajumbe 538, anayefikisha 270 ameshinda, na ndiyo maana mwaka 2000 Al Gore alipata kura nyingi kuliko George Bush nchi nzima na bado akarudi nyumbani. Kijiweni ikawa vurugu. Mbona aliyeshinda ameshindwa?

Ingekuwa baada ya kura za maoni za CCM za mwaka 2020 wangetumia sekunde tatu tu: wajumbe si watu. Tungeelewa wote, mpaka mbuzi.

6. Imekataliwa

Tarehe 29 Septemba 2008 mpango wa dola bilioni 700 wa kuziokoa benki ulifikishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, ukaanguka kwa kura 228 dhidi ya 205. Nambari 6 nayo imeanguka. Itarudi ikishatiwa sukari.

5. Mzimu wa CNN

Usiku wa matokeo, huku kwetu ikiwa usiku wa manane, mwandishi Jessica Yellin aliyekuwa Chicago "alitokea" amesimama studio New York akiwa anang'aa pembeni kama mtu aliyechorwa kwa tochi. Teknolojia mpya, wakasema. Waliokuwa macho kwenye baa zenye dishi wakati ule ni madereva wa malori tu, na dereva wa lori habishani na mzimu, anaongeza mwendo.

Huku kwetu ukionekana sehemu mbili kwa wakati mmoja, mtendaji wa kijiji anaitisha mkutano.

6. Imerudi

Ndiyo, sita baada ya tano. Wamarekani nao walirudisha mpango wao tarehe 3 Oktoba ukapita, ila kwanza waliutia viungo vya kuwalainisha wabunge. Kimojawapo, na hili silitungi, kilikuwa msamaha wa kodi kwa watengenezaji wa mishale ya mbao ya watoto. Dunia inazama, na kuna mtu amekumbuka mishale ya mbao. Nyinyi wa Njombe mnaoishi kwa misitu na mbao, mlikuwa wapi kuingiza mwiko wa ugali kwenye sheria ile?

Lakini nambari hii nimeirudisha kwa sababu nyingine. Hapa ndipo vyombo vya habari vilituangusha kabisa, vya kwao na vya kwetu. Kila siku tuliambiwa chanzo ni "mikopo ya nyumba yenye mashaka", kisha zikafuata "hatifungani", "dhamana", "ukwasi". Ukwasi! Sisi nyumba tunajenga kwa tofali moja moja. Unachimba msingi mtoto akiwa darasa la kwanza, unafika kwenye linta akiwa kidato cha pili, unaezeka akija likizo na mchumba. Mtu wa namna hiyo utamwelezaje kwamba mwenzake wa Florida alipewa nyumba nzima bila hata kuulizwa mshahara?

Ilhali mfano ulikuwa sokoni kwetu: lumbesa. Sikiliza. Una viazi vizuri na una viazi vilivyoanza kuoza. Vilivyooza peke yake hakuna atakayenunua. Basi unavichanganya, unajaza gunia, unaweka kilemba juu, unashona kwa kamba. Mnunuzi wa kwanza hafungui, anauza kwa wa pili kwa faida. Wa pili anafungua magunia kumi, anayachanganya tena, anashona upya, anauza kwa wa tatu. Na pembeni amesimama bwana mmoja mwenye tai, analipwa na muuzaji, kazi yake kugonga muhuri: "Daraja la kwanza." Gunia linafika Ulaya, linafika Asia. Siku moja mtu anasikia harufu. Hakuna anayejua uozo uko gunia lipi, kwa hiyo hakuna anayenunua gunia lolote, hata zima. Soko linafungwa.

Hiyo ndiyo 2008, yote. Badilisha viazi weka madeni ya nyumba, badilisha bwana mwenye tai weka kampuni za kupima ubora wa madeni. Mtangazaji mmoja angelisema hivyo, Makambako tungemwandikia barua ya shukrani na gunia tungemtumia. Lisilo na kilemba.

4. Saa moja kamili asubuhi

Jumatano, 5 Novemba 2008. Chicago ilikuwa bado usiku wa Jumanne, huku kwetu ni saa moja kamili ya asubuhi, vitumbua ndani ya mafuta. Redio zikatangaza: Obama. Hesabu ya mwisho ilikuja kuwa wajumbe 365 kwa 173. Saa moja na dakika kama ishirini McCain akasimama Arizona akakubali kushindwa na kumpongeza mwenzake.

Ndipo ukimya ukaingia kwenye benchi, maana tulikuwa bado tunasubiri akatae. Miezi kumi kabla ya hapo, jirani zetu Kenya walitangaziwa matokeo tarehe 30 Desemba 2007 na zaidi ya watu elfu moja wakafa. Rais Kikwete, akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, alikuwa Nairobi Februari siku Kibaki na Raila walipotia saini makubaliano ya kugawana madaraka. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa na kusema "nimeshindwa" redioni, na kuna chai mezani, ilikuwa habari kubwa kuliko aliyeshinda. Kenya ikatangaza kesho yake, tarehe 6, sikukuu ya taifa. Huku kwetu hatukupewa sikukuu, tukajipa saa mbili za kuchelewa kazini.

Na gazeti? Lilifika mchana kama kawaida. Lilikuwa limechapwa usiku kabla kura hazijahesabiwa, kwa hiyo lilituarifu kwa uhakika kwamba Wamarekani wanaendelea kupiga kura. Tukalipeleka Njombe.

3. Waliojileta wenyewe

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Vichwa vya habari vya Dar mwaka ule vilikuwa na benki yetu ya kushughulika nayo. Ukaguzi ulionyesha zaidi ya shilingi bilioni 133 zimelipwa isivyo halali kutoka akaunti ya madeni ya nje, EPA, ndani ya Benki Kuu. Januari 2008 gavana Daudi Ballali akaondolewa. Mei akafariki akiwa Marekani. Februari, kwa jambo jingine, kashfa ya umeme ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Waliochota EPA wakapewa mpaka mwisho wa Oktoba warudishe, na watuhumiwa wa kwanza wakapandishwa kizimbani mahakama ya Kisutu wiki ile ile ya Obama.

Mpangilio wa ukurasa wa mbele wiki hiyo ningelipa kiingilio kuuona ukipangwa. Upande huu mtoto wa Mkenya anaingia White House, upande ule mabwana wenye suti wanaficha nyuso kwa bahasha.

Ila msomaji makini aliona pengo kwenye meza ya magazeti. MwanaHalisi halikuwepo. Serikali ilikuwa imelifungia siku 90 kuanzia 13 Oktoba kwa sheria ya magazeti ya mwaka 1976, kwa sababu ya habari iliyodai kuna njama za kumzuia Kikwete asirudi 2010. Yaani wakati redio zinatufundisha kwa saa nzima jinsi Wamarekani wanavyomhoji mgombea wao mpaka bei ya koti, gazeti la kwetu lililogusa uchaguzi wetu wa urais lilikuwa kifungoni. Hakuna mchambuzi niliyemsikia akiziweka habari hizo mbili kwenye sentensi moja. Nimeziweka mimi leo, nimechelewa kama gazeti la Njombe.

Tofauti nyingine nayo haikusemwa vya kutosha: benki za Marekani zilianguka kwa kuwakopesha wasioweza kulipa. Ya kwetu ilitoa bila hata kukopesha. Nani mbunifu zaidi?

2. Mfuko wa DAP

Ningekuwa mhariri, picha ya ukurasa wa mbele Novemba ile isingekuwa Obama wala McCain. Ingekuwa mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, umepigwa picha kwa heshima zote, tabasamu kidogo.

Novemba ni mwezi wa kupanda mahindi. Ardhi ya Njombe ina ukarimu, lakini bila mbolea ukarimu wake ni wa salamu tu. Katikati ya mwaka 2008 bei ya DAP kwenye soko la dunia ilikuwa imepita dola 1,000 kwa tani. Julai pipa la mafuta lilifika dola 147, na lori linalobeba mbolea halinywi maji. Kisha benki zikaanguka, mafuta yakashuka mpaka Desemba yakawa chini ya dola 40, mbolea nayo ikaporomoka huko duniani. Lakini dunia iko mbali. Mfuko uliokuwa dukani uliagizwa kwa bei ya kileleni, na mwenye duka hasomi habari za kushuka, anasoma za kupanda.

Msimu huo ndipo serikali ilipoleta vocha za pembejeo: kaya ipate mbolea ya ekari moja na mbegu, nusu ya bei ilipe yenyewe. Vocha zikahitaji orodha ya majina. Unakumbuka nilivyosema kuhusu orodha.

Huo ndio ulikuwa mtikisiko wa uchumi wa Njombe, wenye jina, uzito na bei. Redioni ulipata dakika moja na nusu, baada ya michezo.

1. Uchaguzi wenyewe

Sasa niulizeni. Uchaguzi wa rais wa nchi gani?

Zambia. Tarehe 30 Oktoba 2008, siku tano kabla ya Marekani.

Nakuona unajikuna. Usione aibu, hata mhariri alijikuna. Rais Levy Mwanawasa alipata kiharusi mwishoni mwa Juni kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika huko Sharm el-Sheikh, Misri. Tarehe 3 Julai vyombo vya habari vya Afrika Kusini vikatangaza amefariki, watu wakasimama kimya kumkumbuka, Lusaka ikakanusha. Mtu yuko kitandani anatibiwa na dunia imeshamuombolezea! Alifariki kweli tarehe 19 Agosti, karibu na Paris. Katiba ikataka uchaguzi ndani ya siku 90, na kampeni zikaangukia wiki zile zile ambazo Lehman ilikuwa inauza viti vyake.

Na Zambia haikuwa na Joe Fundi Bomba, ilikuwa na shaba. Julai tani moja ilikaribia dola 9,000. Kufikia Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Nchi nzima imeegemea ukuta mmoja, na ukuta unashuka siku za kupiga kura. Rupiah Banda, aliyekuwa makamu, alimshinda Michael Sata kwa kura kama 35,000 kati ya milioni moja na laki saba na ushee. Sata, aliyeitwa King Cobra, akalia kuibiwa. Banda akaapishwa Jumapili, 2 Novemba. Jumatatu redio zikarudi Ohio.

Wanyalukolo, ndugu zangu, hiyo shaba inapita wapi? Inapita kwetu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi mpaka Dar, ina stesheni Makambako. Malori ya Zambia ndiyo yanayotutembezea vitanda. Shaba ikianguka, lori linapungua. Lori likipungua, gesti inalala tupu, mama ntilie anapika nusu sufuria, kijana wa kuziba pancha anacheza bao kutwa. Uchaguzi ule na mtikisiko ule vilikuwa na mguu ndani ya uji wetu. Ulioletwa kwetu kwa saa nzima kila jioni ulikuwa wa upande wa pili wa bahari, na huo wa mlangoni tukasimuliwa na madereva, wamechuchumaa kando ya tairi, wakisubiri wali.

Hatukuwa na sababu ya kutojua. Treni ya abiria ya TAZARA ilikuwa ikipita hapo miaka na miaka ikiwa na jina lake: Mukuba. Ni neno la Kibemba. Maana yake shaba.

Sata alirudi Septemba 2011 akamshinda Banda. Njombe, hii mtaipata kesho.